Nilivyofunga turbo kwenye Mark II ya mzee

Nianze kwa kukiri, maana najua kuna ndugu zangu wataisoma hii, na mmoja wao ataitupa kwenye grupu la ukoo kabla hata hajaimaliza. Ni kweli. Mimi ndo niliyefunga turbo kwenye gari ya mzee. Sikumuuliza mzee, sikumuuliza bi mkubwa, na hela niliyotumia ilikuwa kodi ya fremu yangu pale Mwanjelwa, ya miezi sita. Haya, tuendelee.

Gari yenyewe ni Toyota Mark II, ile GX100, ya mwaka 1997, namba B. Mzee aliinunua kwa kiinua mgongo chake baada ya kufanya kazi TAZARA miaka mingi, upande wa vichwa vya treni. Ilikuja nyeupe, sasa hivi ina rangi ya mtindi. Viti mama amevivalisha vitambaa alivyofuma mwenyewe. Kwa hesabu zangu hii gari imebeba maharusi saba, wafiwa wasiohesabika, viazi vya Uyole, ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela, watoto wa shangazi wakienda bweni, na mama mwenyewe kila mwezi kwenda kliniki ya presha. Miguu ya mzee ilipoanza kusumbua, funguo nikakabidhiwa mimi. Kukabidhiwa funguo na kukabidhiwa gari ni vitu viwili tofauti, ila wakati huo nilikuwa sijajua.

Sasa kama hujawahi kuendesha gari Mbeya, ngoja nikueleze shida yangu. Ukitoka Uyole ukashika barabara ya Tukuyu, ukishaiacha Igawilo unaanza kupanda, na unapanda kwelikweli. Mark II yetu ina injini ya 1G, silinda sita, sisi 2,000, farasi 140 kwenye makaratasi. Kwenye tambarare ni gari ya raha, unasinzia. Ila iwekee watu watano, jaza buti, halafu iambie ipande ule mlima. Inaunguruma kama inakuja duniani kuua mtu, ukiangalia spidi unakuta 40. Nyuma yako kuna foleni, na kila mtu anakupigia honi.

Siku iliyoniharibia akili ilikuwa Jumamosi moja tunakwenda kwenye ndoa. Pembeni yangu alikaa binti mmoja ambaye simtaji, sasa hivi ana mume wake na maisha yake. Tunapanda taratibu nyuma ya lori, mara ikatokea Forester nyeusi, imenipita mimi na lori kwa pamoja kama tumeegesha. Dereva alikuwa MC mmoja mwenye jina kubwa hapa mjini, simtaji naye. Alipotufikia alishusha kioo, akatabasamu, akapunga mkono. Jioni nikaiona video kwenye status ya mtu: sisi tumejikunyata nyuma ya lori, imewekewa wimbo wa taratibu na maneno "wazee wa busara". Binti alicheka hadi machozi. Mi nilicheka pia, lakini ndani nilikuwa nimeshafanya uamuzi.

Nisichukuliwe kama mshamba tu aliyepagawa na Subaru. Nilikwenda kusoma. Na nilichokikuta ndicho kilichonimaliza kabisa, kwa sababu kilinipa haki.

Injini haili petroli peke yake, inakula petroli na hewa, na hewa ndiyo sehemu kubwa ya chakula chake. Dar es Salaam, pale ufukweni, hewa imejaa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na huku hewa ni nyepesi, imepungua kama moja ya sita hivi. Injini isiyo na turbo inavuta kile inachokikuta, basi. Kwa hiyo zile farasi 140 za Mark II, mzee alizilipia zote ila Mbeya ziliingia kama 115. Na ukipanda zaidi ya mita 2,000, kule juu kuelekea Rungwe, zinapungua tena. Yaani watu wa Nyanda za Juu tunanunua gari nzima tunaendesha pungufu, na hakuna anayetupunguzia bei.

Turbo inafanya kitu rahisi sana kukieleza. Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu na joto, kwa kawaida tunautupa tu nje kwenye ekzosi. Turbo inauchukua ule moshi uzungushe feni moja. Feni hiyo imeunganishwa kwa mhimili na feni ya pili, na ya pili kazi yake ni kuvuta hewa ya nje, kuibana na kuisukumia injini. Injini inapata hewa nyingi, inachoma mafuta mengi, inatoa nguvu. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliandikisha hati ya wazo hilo mwaka 1905. Lakini iliyonifurahisha ni ya mwaka 1918: mhandisi wa Marekani, Sanford Moss, alitaka kuthibitisha kwamba turbo inaweza kuisaidia injini ya ndege kule juu angani. Akaipakia injini kwenye lori akaipandisha kilele cha mlima Pikes Peak, Colorado, kama mita 4,300. Bila turbo injini ikalegea. Ikiwa na turbo ikarudisha nguvu zake kama vile iko chini.

Umeona? Mlimani. Kama turbo ina nyumbani kwake, basi nyumbani kwake ni mlimani. Hata ile miluzi unayoisikia malori ya Tunduma yakipanda usiku, ni turbo. Mi nikajiambia, kumbe siko kwenye mambo ya kujionyesha, mi niko kwenye sayansi. Ukishapata sayansi ya kufunika ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo, hapo ndo umekwisha.

Nikaenda kwa fundi wa kwanza, mzee mmoja mwenye gereji maeneo ya Mafiati. Akafungua boneti, akaitazama injini muda mrefu, akaifunga.

"Kijana, hii injini imezaliwa bila turbo."

"Najua mzee wangu. Ndo maana nimekuja."

"Hujanielewa. Kaa hapo."

Akanieleza. Toyota wenyewe waliitengeneza Mark II ya umbo hilihili yenye turbo, ile JZX100, injini ya 1JZ-GTE ya sisi 2,500 na farasi 280. Lakini hawakuchukua injini ya kawaida wakaibandika turbo. Injini yangu inabana hewa ndani ya silinda mara 9.6, ile ya turbo wakaipunguza hadi mara 9, kwa sababu hewa inaingia ikiwa imeshabanwa tayari. Ukizidisha, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inanoki, pistoni zinatoboka. Halafu wakaiwekea nozeli kubwa, kontrol boksi yake, gia boksi inayohimili, mfumo wa kupoza, na breki kubwa zaidi.

"Breki zinahusikaje na turbo, mzee?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Wewe unataka kukimbia tu? Kusimama utasimamia wapi?"

Akaandika orodha. Breki, rejeta, pampu ya mafuta, nozeli, kontrol boksi ipangwe upya. Akasema njia nyingine ni kutafuta 1JZ nzima ya mtumba na gia boksi yake, na hapo nikumbuke kwamba namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo lazima nikabadilishe TRA. Na bima je? Gari ikipata ajali, wakaikuta si ile iliyoandikwa kwenye mkataba, una kesi. Mwisho akapiga hesabu. Ile hesabu ilikuwa kubwa kuliko bei ya gari. Nikamshukuru, nikamwambia nakwenda kujipanga.

Sikwenda kujipanga. Nilikwenda kwa fundi wa pili.

Fundi wa pili, simtaji na gereji yake siisemi, alikuwa kijana wa rika langu, kofia kageuza nyuma, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Hakufungua hata boneti. "Bosi, siku tatu tu unaichukua." Turbo ya mtumba iliyotoka kwenye Subaru, manifoldi ya kuchomelea palepale, bomba la oili la kuunga, intakula ndogo mbele ya rejeta. "Presha tunaiweka ndogo, injini haitajua hata kama kuna kitu." Shilingi 2,400,000 kila kitu. Kodi ya fremu nilikuwa nimeweka 2,400,000 kamili. Nikaona ni ishara. Jamani, hela kulingana na tamaa yako si ishara ya kitu chochote.

Nyumbani niliwaambia gari iko kwenye sevisi.

Nitakuwa muongo nikisema sikufurahi. Siku niliyoichukua ilikuwa saa tatu usiku, baridi ya Juni, barabara nyeupe. Nikatoka Mafiati, Soweto, Uyole, nikakata kulia kuelekea Igawilo. Mwanzo haikuwa na tofauti. Halafu mlima ulipoanza nikakanyaga mafuta, nikasikia kamluzi kwa mbali, kama mtu anapuliza chupa, kiti kikanisukuma mgongoni. Spidi 60. 70. 80. Kwenye mlima uleule wa 40! Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari. Nilipoachia mafuta ikatoa ile sauti ya "tshhh", nikaachia na kukanyaga tena mara kumi bila sababu, kuisikia tu. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa anatembea na mzigo kichwani maisha yake yote, leo ndo kautua.

Wiki hiyo nilimpita kila mtu. Yule MC sikumkuta barabarani, ila nilimtafuta, nisidanganye.

Mzee aliigundua siku ya pili. Nilikuwa naiingiza gari getini asubuhi, yeye amekaa kwenye kigoda anaota jua. Nikashuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gari inapiga miluzi."

"Ni filta mpya, baba. Ya kisasa."

Mzee alifanya kazi na injini za dizeli tangu ujana wake. Mtu wa namna hiyo unamwambia filta. Akatikisa kichwa taratibu, akarudi kwenye jua lake, hakusema neno. Nikajua nimepona. Leo ndo naelewa kwamba alikuwa ananipa nafasi ya kumwambia mwenyewe, na nafasi hiyo aliiacha wazi siku kumi na mbili.

Siku ya kumi na mbili tukapata msiba Tukuyu, mjomba wake mama. Mzee mbele, mama na shangazi nyuma. Kwenda hatukupata shida. Tukazika, tukala, tukapewa mikungu miwili ya ndizi na gunia la parachichi kwenye buti, saa kumi jioni tukaanza kurudi.

Kupanda kutoka Kiwira gari ilikuwa inachanja mbuga. Fuso, nikaipita. Noah, nikaipita. Mshale wa joto ukawa umesogea juu kidogo ya kati. Niliuona, nikajifanya sijauona. Kwa jicho la pembeni nikaona mzee naye anautazama. Mama nyuma akasema, "Leo gari ina haraka," na shangazi akacheka. Nilijisikia fahari, siwezi kuficha. Nilitaka waone.

Tukafika juu, ukungu umeanza kushuka, tukaanza kuteremka upande wa Igawilo. Na hapa ndipo kuna kitu ambacho hakuna video ya turbo iliyonionyesha. Zamani hii gari ilikuwa inafika kileleni imechoka, spidi 40, unaanza mteremko ukiwa mpole kwa lazima. Sasa nilifika kileleni nikiwa na 80, nikaanza nayo mteremko. Gari nzito, buti limejaa, breki ni zilezile za mwaka 1997 zilizozoea mzee.

Kona ya kwanza nikakanyaga breki, ikashika. Ya pili nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Kabla ya tatu nikasikia harufu, ile ya kitu kimeungua lakini si nyaya. Mbele kulikuwa na semi imebeba mzigo, inateremka polepole kwa gia, kama wanavyotakiwa. Nikakanyaga. Pedali ikaenda chini laini, kama nimekanyaga godoro.

Sitakuambia niliwaza nini, kwa sababu sikuwaza. Nilikanyaga tena, hakuna kitu. Nyuma ya semi ilikuwa inakuja kwetu, naiona namba yake, naona matope kwenye matairi yake.

"Toa mguu kwenye mafuta. Weka mbili." Ilikuwa sauti ya mzee. Hakupaza. Alisema kama mtu anayeomba chumvi.

Nikaishusha gia hadi mbili. Injini ikalia, gari ikajivuta nyuma.

"Breki ipige-pige, usiikamue. Ipige-pige."

Nikapiga-piga. Pedali ikarudi kidogo.

"Sasa L. Na hendibreki taratibu, usiivute kwa hasira."

Nikafanya. Injini ililia sauti ambayo sijawahi kuisikia. Upande wa kushoto pakatokea kipande cha kifusi, pale ambapo wauza viazi wanapanga magunia yao. Hapakuwa na mtu. "Ingia hapo," akasema mzee, nikaingia, gari ikayumba kwenye matope, ikasimama. Semi ikaendelea na safari yake, dereva wake hadi leo hajui kama tulikuwepo.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa moshi. Dakika moja baadaye boneti nayo ikaanza kutoa mvuke.

Kukawa kimya. Mama akasema, "Ndaga Kyala." Akairudia. Shangazi alikuwa ameshika kiti changu kwa mikono miwili, kitambaa cha mama kimekunjamana chote. Halafu mama akauliza, "Gari imekuwaje?"

Nikafungua mdomo nianze habari ya breki kupata moto. Mzee akanigeukia. "Mwambie mama yako."

Nikamwambia. Palepale kwenye matope, mbele ya shangazi, huku mvuke unatoka. Turbo ni nini, nimefunga lini, kwa nini. Mama alisikiliza yote bila kunikatiza. Nilipomaliza alikaa muda, akauliza swali moja tu.

"Hela ulitoa wapi?"

"Ya fremu, mama."

Hapo ndo alipogeuza uso akatazama nje dirishani, na kwa kweli heri angenipiga.

Tulivutwa hadi mjini usiku. Breki zilikuwa zimeungua pedi na diski, na oili ya breki ilikuwa imechemka hadi ikapoteza nguvu, ndo maana pedali ikawa godoro. Injini nayo ilikuwa imechemsha kwa sababu rejeta ya zamani haikuweza kupoza moto mpya, na intakula ilikuwa imeizibia upepo. Gasketi ya silinda hedi ikaungua, hedi ikapinda kidogo, ikabidi ichongwe. Fundi wa pili nilimpigia simu, akasema, "Bosi, mi nilifunga turbo, sikufunga breki." Kusema ukweli hakukosea sana.

Gari ilikaa gereji wiki tatu. Na hapa ndipo niliposhikwa hasa, kuliko hata mlimani.

Usiku wa siku ya tisa, saa saba, mama aliamka kichwa kinamuuma, anaona giza. Presha. Kwa miaka yote hiyo, jambo kama hilo likitokea, mzee anasema neno moja tu, "gari", dakika kumi tuko hospitali. Usiku ule alisema neno hilohilo kwa mazoea, kisha akanyamaza. Nikatoka nje, nikapiga simu kwa madereva wanne wa teksi, hakuna aliyepokea. Nikakimbia hadi barabarani, nikampata kijana wa bajaji aliyekuwa anakwenda kulala. Tukampandisha mama, tumemfunika blanketi mbili, baridi ya Julai inaingia pande zote. Bajaji inapanda taratibu, inaunguruma, na mimi nimemshika mama nikiomba kila kilima kiishe. Kama kuna mtu anataka kujua tofauti ya kukimbia na kufika, mi nilifundishwa ndani ya bajaji ile.

Daktari alisema tumewahi. Mama alikaa siku mbili akarudi nyumbani, anaendelea vizuri, jana tu alikuwa ananisema kuhusu nywele zangu. Lakini kuna ile nusu saa ya njiani ambayo mi ninayo peke yangu.

Mzee hakunigombeza. Nilingojea, hakugombeza. Jioni moja aliniita pale kwenye kigoda chake, akaanza habari ya TAZARA. Unajua reli ile ilifunguliwa mwaka 1976, na vichwa vya kwanza vilitoka China. Kati ya Mlimba na Makambako reli inapanda kutoka bondeni hadi huku kwetu juu, madaraja na mahandaki yamefuatana, na vile vichwa vya mwanzo vilipata tabu sana na mlima ule. Miaka ya 80 wakaleta vichwa vya Kimarekani vyenye nguvu zaidi. Na hivyo, mzee akasema huku ananitazama, vilikuwa na turbo.

"Kwa hiyo turbo siichukii. Nimeishi nayo," akasema. "Lakini sisi hatukuwa tunaogopa kupanda. Kupanda, injini ikishindwa unasimama, unacheka, unaita msaada. Tulikuwa tunaogopa kuteremka. Ulianza mlima wewe kabla hujaumaliza kichwani."

Nikamwambia, "Nisamehe baba." Akasema, "Kalete kalamu."

Nyuma ya kalenda ya kanisa ya mwaka uliopita akaandika orodha kwa ule mwandiko wake wa watu wa zamani. Moja, breki, diski na pedi mpya mbele na nyuma, na oili yake. Mbili, rejeta kubwa na feni. Tatu, mabomba yote ya maji. Nne, mafuta, pampu, nozeli, na kontrol boksi kwa fundi anayejua. Tano, turbo.

Nikashangaa. "Baba, turbo umeiandika?"

"Kwani nilisema uitoe? Mbeya hii gari haipati hewa, ulichosema ni kweli. Ulianzia namba tano, basi."

Akanirudishia karatasi, halafu akainyang'anya tena, akaandika kitu juu kabisa, juu ya namba moja. Akakipa namba sifuri. *Uliza mama yako.*

Kwa hiyo hali ilivyo leo ni hii. Turbo imetolewa, iko chini ya kitanda changu imefungwa kwenye mfuko wa sandarusi. Gari imerudi na farasi zake 115. Namba moja nimemaliza, na nakuhakikishia, kuteremka Igawilo ukiwa na breki mpya kuna raha yake ambayo hakuna mtu anaiweka status. Namba mbili nimemaliza mwezi uliopita. Yule fundi wa kwanza wa Mafiati ndo ananitengenezea, na kila nikienda anauliza, "Kujipanga kumeisha?" Mpangaji mwenzangu pale Mwanjelwa amenigawia nusu ya fremu yake hadi nitakapoirudisha ya kwangu. Na yule MC wiki iliyopita alinipita tena palepale mlimani, akapunga mkono. Nikapunga na mimi. Mama akauliza ni nani yule, nikamwambia ni rafiki.

Kama nawe una gari ya nyumbani na mawazo kama yangu, sikukatazi. Ila angalia kwanza ni nani huwa anaitwa jina la gari hiyo usiku wa saa saba, uanzie hapo.

Namba sifuri nayo nilishaitekeleza. Nilimuuliza mama Jumapili baada ya chakula, kwa adabu zote, nimepiga goti kabisa. Akaendelea kumenya chungwa lake hadi likaisha.

"Lipa fremu kwanza," akasema, "halafu uje tena uniulize."